Sauti ya Baba Imekonda

Sikio hakuwa na masikio makubwa. Yalikuwa masikio ya kawaida tu, ungeambiwa umtafute kwa masikio kati ya watu kumi usingempata. Jina alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa anaweza kupita njiani na baiskeli, redio inalia ndani ya nyumba ya watu asiowajua, akafunga breki, akabisha hodi na kusema, "Samahani wenyewe, spika yenu imechanika kwa chini." Wakiifungua, kweli, imechanika kwa chini. Wengine walimpa kazi palepale. Wengine walimwambia aondoke kabla hawajamwitia watu.

Alikuwa na miaka arobaini na mbili, mwembamba, si mtu wa maneno, na mashati yake yote yalikuwa na vitundu kifuani pale risasi ya kuchomelea ilipomrukia. Meza yake ilikuwa kwenye kibaraza cha duka la rangi, pembeni ya mshona viatu. Miaka kumi na minane walikaa bega kwa bega, wamezoeana mpaka wanaweza kununiana asubuhi na kupatana mchana bila mtu kuomba radhi.

Ufundi aliuanza kwa kuharibu. Baba yao alikuwa mtu wa kambi za barabara. Alikuwa anaondoka miezi minne, mitano, kwenda kulaza lami huko mbali, na nyumbani aliacha redio kaseti moja nyeusi yenye tabia ya kunyamaza katikati ya habari. Siku moja Sikio, akiwa na miaka tisa, akaifungua kwa kisu cha mezani. Akaona waya mmoja umelegea, akaubana kwa njiti ya kiberiti, akafunga. Redio ikaacha ukorofi. Alichapwa hata hivyo, kwa ajili ya kisu.

Alipofika darasa la tano baba akafia kazini. Sikio ndiye mkubwa, akatolewa shule akapelekwa kukaa kwa fundi. Mdogo wake akaachwa aendelee. Ndivyo wakubwa walivyokata shauri, na hakuna aliyemwuliza anaonaje. Yeye mwenyewe alisema hakuchukia. Alilisema hilo kila mara mtu alipotaja shule, hata kama hakuulizwa.

Mdogo wake alisoma, akasoma, akawa muuguzi wa hospitali. Ukoo mzima ukamwita Daktari. "Jamani, mimi muuguzi," alikuwa anasema, ila kwa sauti ndogo, na akiitwa Daktari aliitika haraka. Alikuwa mweupe wa meno, mchangamfu, mtu ambaye akiingia chumbani wagonjwa wanakaa wima. Mama akimtaja alikuwa anaanza kutabasamu kabla jina halijatoka. Sikio alikuwa ameliona hilo tabasamu mara nyingi sana, na kila mara kitu kilimkwaruza hapa, chini ya titi la kushoto, kama chembe ya mchanga ndani ya kiatu. Haikuzuii kutembea. Ila unatembea unaijua.

Kitu kimoja tu ndicho kilikuwa cha Sikio peke yake katika nyumba ile: kanda ya baba.

Mama hakujua kusoma, na baba hakupenda mtu wa pembeni amsomee mkewe barua zake. Basi wakati mmoja kambini aliazima redio ya mwenzake akajirekodi, akaipa kanda dereva wa lori ailete. Dakika kumi na moja. Sauti nzito, ya chini kabisa, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyezoea kuita juu ya kelele za mashine. Anasalimia. Anauliza kama paa limeacha kuvuja. Anasema amepata viatu vipya, vinambana. Anacheka peke yake jambo ambalo hamalizi kulisema. Anamtaja mdogo mara tatu, "kale kadogo kangu, kale kenye meno." Sikio anatajwa mara moja: "Na yule mkubwa mwambie aache kufunguafungua redio yangu." Sikio alikuwa amehesabu.

Kila Jumapili alasiri Mama alikaa kwenye kiti chake, akawekewa kanda, akamsikiliza mume wake. Redio kaseti ilikuwa ileile nyeusi. Sikio ndiye aliyeiweka hai miaka yote hiyo. Alibadilisha mkanda wake wa mpira, akabadilisha kichwa chake cha kusomea, akabadilisha spika mara mbili, mpaka mshona viatu akasema, "Hiyo redio imebaki jina tu." Lakini ilisema. Na Jumapili ikigoma, Mama alikuwa na neno moja: "Niitieni Sikio."

Halafu Daktari akaleta amplifaya.

Sikio alifika Jumapili kama kawaida, na mkewe, fundi cherehani, nyuma yake amebeba kikapu cha machungwa. Wakasikia muziki tangu kwenye geti. Ndani, juu ya kabati ambako redio nyeusi ilikuwa inakaa, kulikuwa na amplifaya mpya yenye taa ya buluu, deki ya kaseti juu yake, na kila upande wa chumba spika moja, ndefu hadi kiunoni. Redio nyeusi ilikuwa juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa, kama birika la wageni.

"Kaka! Karibu!" Daktari akamkumbatia. "Nimeona Mama apumzike na ile kelele ya zamani. Unaonaje?"

"Nani amefunga?"

"Mimi mwenyewe! Kijitabu kimeandika kila kitu. Waya mmoja ulikuwa mfupi, nikanunua mwingine pale kona. Sikutaka kukusumbua na kazi ndogo."

Kazi ndogo. Sikio alitabasamu, akasema, "Vizuri."

"Yaani huyu mtoto," Mama alisema kutoka kwenye kiti, "amelala sakafuni na suruali yake ya kazini, anafunga nyaya kwa ajili yangu! Mmeona taa hiyo? Buluu!"

Sikio alikuwa amemfungia Mama nyaya miaka thelathini. Hakuna siku suruali yake ilitajwa.

Wakaweka kanda ya baba. Na kabla baba hajamaliza salamu ya kwanza, Sikio alikuwa ameshasikia. Besi haikuwepo. Sauti ya baba ilitoka nyembamba, haina kifua, haijulikani imetokea wapi, mara kama iko nyuma ya kisogo chako, mara kama iko nje dirishani. Spika moja ilikuwa imefungwa kinyume.

Ni kosa dogo mno. Spika ina sehemu mbili za kufungia waya, nyekundu na nyeusi, na amplifaya hivyohivyo. Nyekundu iende kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Waya uliokuja na spika una mstari mwekundu, hata mtoto hakosei. Ila ule wa kununua kona ni mweupe pande zote mbili, na alama yake ni kijimgongo chembamba juu ya mpira upande mmoja, hakionekani, ni cha kupapasa kwa ukucha. Daktari hakujua kuna cha kupapasa. Akageuza. Basi spika ya kulia ikisukuma hewa mbele, ya kushoto inaivuta nyuma, kama watu wawili waliobeba kitanda, mmoja anakwenda mlangoni, mwenzake anakwenda dirishani. Kwenye muziki mtu wa kawaida anaweza asijue. Lakini kanda ya baba ilirekodiwa na redio ya spika moja. Sauti ni ileile kulia na kushoto, zinakutana katikati ya chumba zinauana. Na katikati ya chumba ndipo kiti cha Mama kilipo.

Sikio mwenyewe hakuwahi kukosea hapo. Waya wowote alioushika aliupiga fundo dogo upande wa nyekundu, ili hata kipofu akija kesho ajue. Alitazama nyuma ya spika ya kushoto. Waya mweupe. Hauna fundo.

Alifungua mdomo. Kisha akamwona Mama amemshika Daktari mkono, anaupigapiga juu ya goti lake. Sikio akafunga mdomo.

Acha, alijiambia. Si kijitabu kimeandika kila kitu? Acha kijitabu kiwasaidie. Wataniita.

Jumatatu mezani alikuwa anapiga mluzi.

"Umeota hela?" mshona viatu akauliza.

Sikio akamsimulia, na kusimulia kwake kulikuwa kutamu, mpaka akainua mikono kuonyesha Daktari alivyolala sakafuni. Mshona viatu akacheka. Halafu akavuta uzi, akaukata kwa meno, akasema, "Sasa mama yako anasikia nini?"

"Anasikia vibaya."

"Na hajui kwa nini?"

"Atajua. Akimwuliza Daktari wake, Daktari atakwama, atakuja hapa. Nataka aje hapa, asimame palepale ulipomwaga gundi, aseme, kaka, nimeshindwa."

"Asipokuja?"

"Atakuja."

Mshona viatu akainama kwenye kiatu chake. "Wewe bwana una roho ya kutu," alisema, lakini alisema kama utani, na Sikio akaupokea kama utani.

Jumapili ya pili alikuta Mama amesogeza kiti. Kilikuwa kimetoka mahali pake pa miaka yote, kimebanwa ubavuni mwa spika ya kulia, na Mama amekaa amewapa wageni mgongo, sikio lake karibu linagusa kitambaa cha spika.

"Mama, mbona unatukimbia?" mke wa Sikio akamtania.

"Siwakimbii, mwanangu. Namfuata huyu." Akagonga spika kwa kidole. "Sauti ya baba yenu imekonda. Nikikaa kule, simpati. Nikikaa hapa nampata kidogo."

"Ni vile umezoea ile ya zamani, Mama," Daktari alisema. "Hii ni sauti safi. Ile ilikuwa inavuma."

"Labda." Mama akageuka, akamtafuta mwanawe mkubwa kwa macho. "Hebu wewe. Wewe ndiye mwenye masikio. Baba yako unamsikia sawasawa?"

Chumba kikamgeukia. Daktari pia alimtazama, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, hauna shaka, uso wa mtu anayejua jibu litakuwa upande wake kwa sababu maisha yote majibu yalikuwa upande wake. Uso ule ungekuwa na wasiwasi kidogo tu, pengine mambo yangekwenda njia nyingine.

"Mimi namsikia sawa tu," Sikio alisema.

Mama akatikisa kichwa polepole. "Basi ni mimi."

Njia nzima ya kurudi nyumbani mkewe alikuwa anasimulia habari za mteja mwenye mabega yasiyolingana, na Sikio alikuwa anaitikia "ehe" mahali pasipostahili.

Jumatano Daktari akampeleka Mama hospitalini. Masikio yakasafishwa, yakapimwa kwa mashine ya vipokea sauti vya kichwani, Mama akaambiwa ainue mkono kila akisikia mlio. Aliinua mkono mara zote zilizotakiwa. Wakamwambia masikio yake ni mazima kwa mtu wa umri wake, aende nyumbani ashukuru. Habari hizi Sikio alizipata kwa Mama mwenyewe, alipopita kumwachia mkaa, akamkuta barazani na pamba masikioni.

"Wamesema nasikia vizuri, baba," Mama alimwambia. "Kwa hiyo si mimi. Ni kanda. Nayo imechoka kama sisi. Kila nikiipiga inaisha kidogo, namla mume wangu taratibu kama biskuti." Akacheka kidogo, akakosea njia katikati ya kicheko, akakohoa. "Jumapili hii tutaipiga mara ya mwisho, wote muwepo. Baada ya hapo naiweka sandukuni. Bora nijue yumo mle kuliko nimmalize."

Pale ndipo pa kusema. Sikio alikuwa amesimama na mikono myeusi kwa mkaa, Mama yuko mbele yake, hakuna mtu mwingine, Daktari yuko kazini mbali. Ingechukua dakika mbili. Bisibisi ilikuwa mfukoni.

Lakini dakika mbili hizo nani angeziona? Mama angefurahi, jioni angempigia Daktari simu, "Amplifaya yako leo imekubali!" Na Daktari angesema, "Si nilikwambia, Mama?" Sikio aliisikia kabisa sauti yake ikisema hivyo. Masikio yake yalikuwa mazuri kiasi hicho. Yalisikia hata ambayo hayajasemwa.

Jumapili, akawaza. Wote wakiwepo.

Akanawa mikono, akaaga.

Jumapili ile walikuja mapema. Daktari na machungwa yake makubwa kuliko ya Sikio. Mama Mdogo naye alikuja, mdogo wake Mama wa tumbo moja, mwanamke mwenye mguu mbovu na mdomo mzima, asiyekosa harusi wala ugomvi. Alikalia kochi lote.

"Haya, leo tunamzika shemeji mara ya pili," alisema. "Mara ya kwanza nililia vya kutosha, nawaambia mapema."

"Dada, nyamaza," Mama alisema, na hakuwa anatania.

Kanda ikawekwa. Mama amekaa pale alipohamia, ubavuni mwa spika, kichwa amekiinamisha. Baba akasalimia kwa sauti yake iliyokonda. Akauliza kuhusu paa. Mama akafumba macho, midomo yake ikawa inakwenda pamoja na maneno, na Sikio akaona mkono wake umeshika ukingo wa spika kama mtu anayeshika ukingo wa kitanda cha mgonjwa.

Hapo akasimama.

Alikuwa ameyapanga maneno siku tatu. "Zimeni," alisema.

"Kaka, mwache Mama amalize."

"Nimesema zima, Daktari. Au kijitabu hakijaandika pa kuzimia?"

Mama Mdogo akaacha kutafuna. Daktari akazima. Taa ya buluu ikafa. Sikio akatembea taratibu mpaka spika ya kushoto, taratibu kuliko ilivyohitajika, akapiga goti, akatoa bisibisi ambayo hakuihitaji, akalegeza vishikizo viwili kwa vidole, akachomoa nyuzi, akazipishanisha, akakaza. Akapiga fundo. Hapo akainuka, akarudisha kanda mwanzo, akawasha.

"Mama watoto," baba alisema, "salamu nyingi."

Alikuwa amerudi na kifua chake. Sauti ilijaa chumba kuanzia sakafuni, ikasimama katikati, mahali pamoja, kama mtu ameingia na kusimama juu ya mkeka. Vikombe kabatini vikalia kidogo. Mama Mdogo akasema, "Eh!" akajishika shingo. Mama aliinuka, akaacha spika, akatembea mpaka katikati ya chumba na kusimama pale, mikono ikining'inia, anasikiliza mambo ya viatu vinavyobana.

Daktari alikuwa ametoa macho. "Kaka! Umefanya nini?"

Ah, utamu wa swali hilo. Sikio aliliacha likae hewani.

"Waya uliugeuza," alisema. "Huu mweupe una upande. Kitu cha kupapasa, si cha kusoma."

"Na sisi tulifika mpaka hospitalini!" Daktari akashika kichwa. "Umejuaje?"

"Mimi?" Sikio akacheka kwa puani. Wote walikuwa wanamtazama, mkewe, Mama Mdogo, Daktari akiwa mdogo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na kichwa kikamvimba, ulimi ukamtoroka. "Mimi nilisikia siku ileile ya kwanza. Hata machungwa hayajawekwa chini."

Baba aliendelea kuzungumza. Alicheka kile kicheko chake cha peke yake. Hakuna mwingine aliyecheka.

Mama Mdogo ndiye aliyehesabu, kwa vidole, bila haraka. "Ya kwanza. Ya pili. Na leo." Akamwonyesha vidole vitatu. "Jumapili tatu, Sikio?"

Mama akazima amplifaya mwenyewe. Hakujua kitufe, akabonyeza viwili vibaya kabla hajapata. Kisha akamgeukia.

"Nilikuuliza."

"Mama..."

"Nilikuuliza kwa mdomo wangu. Ukasema unamsikia sawa." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. "Wakanimwagia maji masikioni. Nikaja nikakwambia naiweka sandukuni. Ulikuwa umesimama pale na mkaa. Ukanawa ukaenda zako."

Sikio alitafuta la kusema. Kulikuwa na mengi: mambo ya shule, ya suruali ya Daktari, ya mara tatu na mara moja. Alivyoyapanga kichwani yalikuwa makubwa. Alipoyafikisha mdomoni akaona ni ya mtoto wa miaka tisa, akayarudisha.

"Nilitaka aje kuniuliza," alisema mwishoni.

"Nani?"

Akamwonyesha Daktari kwa kidevu.

Daktari akatazama huku na huku. Hakuwa anajua. Hilo ndilo lililomuumiza Sikio zaidi ya yote, kuona kwamba mdogo wake kwa kweli hakuwa anajua kulikuwa na mashindano. "Kaka, ningekuuliza tu," alisema. "Mimi nilidhani... wewe ulisema iko sawa. Nikisikia wewe umesema sawa, mimi nimuulize nani tena?"

Mkewe Sikio alikuwa anatazama pindo la gauni lake, anapapasa mshono ambao haukuwa na kasoro.

Mama akaenda kusimama nyuma ya kiti chake. "Fungua hizo nyaya," alimwambia Sikio. "Zote."

"Mama, sasa ziko sawa."

"Fungua. Mfundishe mdogo wako. Vyote unavyovijua, usibakize. Sitaki tena kitu katika nyumba hii kijulikane na mtu mmoja."

Mama Mdogo alitaka kusema neno, Mama akamwinulia kiganja.

Basi Sikio akapiga magoti, Daktari akapiga magoti pembeni yake, na suruali yake ya kazini, na safari hii hakuna aliyeisifu. Sikio akafungua nyaya zote nne, hata fundo alilolipiga dakika chache zilizopita akalifungua. Akaanza kufundisha, kwa sauti ya chini, maneno mafupi. Kwanza amplifaya izimwe. Nyuzi uzisokote zote, moja ikitoroka ikagusa jirani yake umeua amplifaya. Kama huujui waya, chukua betri ya tochi. Akatoa betri kutoka mfukoni, akagusisha ncha mbili za waya, spika ikasema "tup", na karatasi yake ya ndani, ile inayotoa sauti, ikaruka mbele. "Ikija mbele, hapo ulipogusisha kichwa cha betri ndiyo nyekundu. Ikirudi ndani, umegeuza."

Hii ya betri hakuwa amemfundisha mtu. Hata mshona viatu, miaka kumi na minane, alikuwa anaiona kwa pembeni tu.

"Na bila betri?" Daktari akauliza.

Sikio akasita. "Kuna kijimgongo. Unapitisha ukucha. Hutakipata leo, hata mimi kilinichukua miezi..."

"Hiki?" Daktari alikuwa amefumba macho. Kidole chake cha shahada kilipita juu ya waya mweupe mara moja tu, kikasimama. Ni vidole vilivyotafuta mishipa ya watu wenye homa kwa miaka kumi na tano, katika mikono minene na mikavu na ya vitoto vichanga. "Huku, si ndiyo? Huku kuna kama kamba."

Sikio akapapasa. Ndipo penyewe.

Chembe ya mchanga ikamgeuka chini ya titi, ileile, wala haikuwa imepungua hata kidogo. Miezi, yeye ilimchukua miezi. Huyu anakuja na vidole vyake visafi, anafumba macho kama anayesali, anapata. Angeweza kusema hapana. Ilikuwa karibu sana na ulimi. Daktari angemwamini, angegeuza tena waya, na wangeanza upya.

"Ndiyo," alisema. "Huko."

Daktari akafunga zote nne mwenyewe. Akapiga fundo, kubwa mno, baya. Akawasha. Baba akaanza tena kusalimia, mzima, na kifua chake.

"Ni sawa hivi, kaka?"

Sikio aliinamisha kichwa. Alisikiliza kulia, akasikiliza kushoto, akasikiliza katikati. Alisikiliza muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu alijua kila mtu anangoja neno lake, na alijua pia hawangoji kwa namna walivyokuwa wakingoja zamani.

"Ni sawa," alisema.

Mama alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti. Alimtazama mwanawe mkubwa kwa muda, si kwa hasira. Kisha akamgeukia mkwewe, fundi cherehani, aliyekaa karibu na mlango.

"Mwanangu," alimwuliza, "eti ni sawa?"

Mke wa Sikio akamtazama mumewe, akamtazama Mama, akasikiliza.

"Ni sawa, Mama."

Hapo ndipo Mama akakaa.